Uso Bwawani

Jelani hakuwahi kuendesha pikipiki kwa kasi hata siku moja maishani mwake. Watu wa kijiji chetu, Kampung Cempaka, walilicheka jambo hili mpaka wakachoka, maana mtu aliyeshika bendera kwenye uwanja wa pikipiki tangu ndevu hazijamwota, akienda dukani na kile kipikipiki chake, kuku walikuwa wanampita. Sitanii. Selvam, mwenzake aliyeshika bendera kona ya jirani, alikuwa akimpigia kelele, "Jelani, teremka uisukume, utafika mapema!" Naye Jelani anacheka mabega yakitikisika, anajiendea zake polepole na mfuko wa dagaa umening'inia kwenye usukani.

Kazi yake hasa ilikuwa kuvuna michikichi. Asubuhi anaingia shambani na mundu uliofungwa kwenye ncha ya ufito mrefu, anaangusha mikungu, jioni anatoka shingo imekakamaa kwa kutazama juu. Lakini siku za mapumziko ukimtaka, usimtafute nyumbani. Yuko uwanjani kwa Bwana Seng, Kona ya Bwawa, chini ya kibanda cha bati, bendera ya njano mkononi.

Bwana Seng alikuwa Mchina mzee mwenye mguu mmoja wa kuburuta, aliouvunjia kwenye mashindano enzi za ujana wake. Alipata kipande cha ardhi katikati ya michikichi, akamwaga lami, akaipindisha huku na huku, akawaalika watu wa mjini waje na pikipiki zao wakimbie. Si mashindano hayo. Hakuna kombe wala picha gazetini. Mwalimu, karani, daktari wa meno, wanavaa suti za ngozi kwenye jua la kuua mtu, wanazunguka na kuzunguka, halafu wanarudi makwao meno yote nje. Raha yake usiniulize mimi. Ninachojua ni kwamba kila kona ilitaka mtu wa bendera, kwa sababu mwenye pikipiki akiingia kona haoni kilichomo. Mtu akianguka, mshika bendera ndiye macho ya wanaofuata. Akiinua ya njano, wanapunguza mwendo. Asipoinua, wanakuja na mwendo wao wote.

Bwana Seng alikuwa na kanuni moja, na aliirudia kila asubuhi mpaka ikawa kero. "Mtu akianguka usimtazame. Huyo kashaanguka, huna la kumfanyia. Mtazame anayekuja."

Jelani aliishika kanuni hiyo kuliko wote. Watu wengi walianguka mbele ya kibanda chake, na hakuna hata mmoja aliyegongwa na wa nyuma. Pikipiki zilikuwa zinatoka kilimani, zinateremka, zinapinda kulia pale kwake, kisha zinapotea kwenye njia iliyonyooka kando ya bwawa. Basi yeye alisimama uso kilimani. Mwaka baada ya mwaka, uso kilimani. Nadhani hata ungemshtua usingizini angeinuka ameelekea huko.

Sasa, Jelani alikuwa na mdogo wake, Lokman, kitinda mimba. Baba yao alifariki Lokman bado ananyonya, na mama yao, Mak Leha, alikuwa jikoni au sokoni kutwa nzima akiuza wali wa nazi, kwa hiyo mtoto yule alilelewa mgongoni kwa Jelani. Ndiyo maana akijikwaa hakumlilia mama. Akiumwa na siafu, akikosana na wenzake, akiota ndoto mbaya, neno lilikuwa moja tu: "Kaka!" Mak Leha alikuwa akijifanya kununa. "Mimi niliyekubeba tumboni sina jina humu ndani?" Lakini moyoni ilimpendeza, na sisi majirani tuliona.

Lokman alipokua akaingia gereji, na huko akapata ugonjwa wa kasi. Akaunganisha pikipiki kutoka vyuma vya pikipiki tatu zilizokufa, akaja nayo nyumbani inanguruma. Mama yake alikuwa anafunga wali kwenye majani ya mgomba. Hata kichwa hakuinua.

"Hapana," akasema.

"Mama, sijasema kitu bado."

"Na usiseme."

"Mama, ni uwanjani kwa Bwana Seng tu! Mbona watu wote wanaendesha?"

"Watu wote sikuwazaa mimi. Niliowazaa mko wawili, na mmoja mwoga, namshukuru Mungu. Wewe nani kakuroga?"

Lokman akamtazama kaka yake. Hakuwa na haja ya kusema. Jelani, ambaye hakuwahi kumnyima mtoto yule chochote, akakohoa kidogo, akasema, "Mama, mwache. Kona mbaya pale ni moja tu, ya Bwawa. Na pale nipo mimi."

Hapo ndipo Mak Leha alipoinua kichwa. Alifuta mikono kwenye kanga yake ya kiunoni, akamtazama Jelani kitambo. "Unaniahidi?"

"Nakuahidi, Mama."

"Haya. Basi huyu nimemtia mkononi mwako. Siku nikikuuliza, usije ukanijibu hukusikia."

Jelani akainama, akambusu mkono, na ikawa imekwisha. Tangu hapo kila walipokuwa wanatoka kwenda uwanjani, Mak Leha hakumuuliza Lokman kitu. Alimuuliza Jelani tu, "Utamtazama?" Jelani anajibu, "Nitamtazama, Mama." Basi mama wa watu anajitwisha wali wake, anakwenda kuuza na roho yake imetulia.

Uwanjani Lokman alipata rafiki, Firdaus, mwalimu wa shule ya msingi kutoka mjini, kijana mpole mpaka unajiuliza anawafundishaje watoto wale watukutu. Lakini mpandishe juu ya pikipiki, loo! Wawili wale walifukuzana kutwa, huyu nyuma ya huyu, kisha wanavua helmeti, wanakuja kula kwa Mak Leha huku wakibishana kwa mikono nani alimwachia nani njia. Mak Leha anawaongezea pilipili ya dagaa na kuwatukana. "Kuleni, vichaa nyie. Mkifa na njaa watasema niliwanyima."

Kisha likaja lile wazo la kinyume. Wenye pikipiki walianza kulalamika kwamba matairi yao yanaisha upande mmoja, wa kulia, kwa sababu uwanja ule ulikuwa wa kupinda kulia karibu njia nzima. Tena walikuwa wameshaujua kwa moyo, kila shimo, kila kivuli cha mti. Basi Bwana Seng akatangaza kwamba wangefanya siku moja ya kuzunguka kinyume. Mwisho uwe mwanzo, mteremko uwe mpando, kulia kuwe kushoto. Watu walishangilia kama wameambiwa sikukuu. Uwanja ni uleule, lakini ukiuendea kinyume humo ndani unakuwa mgeni, unapapasa kama bwana harusi nyumbani kwa wakwe.

Kazi ya kuugeuza haikuwa ndogo. Ukuta wa matairi uliokuwa huku ulitakiwa kwenda kule. Vibao vya kuonyesha mahali pa kushika breki viling'olewa, vikachimbiwa upande wa pili. Vibanda vya bendera vilisogezwa. Washika bendera walifanya kazi hiyo kutwa nzima, jasho linawatiririka, na Selvam akawa hana anachosema ila kumchokoza Jelani.

"Wewe, Jelani! Kesho wanatoka wapi?"

"Bwawani."

"Basi uso bwawani, makalio kilimani! Usije ukatuchanganyia. Hebu sema."

"Uso bwawani, makalio kilimani."

"Tena, kwa sauti!"

Jelani akasema tena kwa sauti, wote wakacheka. Walihamisha kila kitu siku ile. Miguu ya Jelani tu ndiyo hakuna aliyefikiria kuihamisha.

Asubuhi yake Mak Leha akauliza kama kawaida, "Utamtazama?" Jelani akajibu kama kawaida.

Na asubuhi ile yote mambo yalikwenda sawa, hilo msilisahau. Jelani alisimama uso bwawani, akinong'ona maneno ya Selvam kama uradi. Daktari wa meno aliteleza akaingia nyasini, ya njano ikainuka upande unaotakiwa, wenzake wakapunguza mwendo, hakuna tatizo. Wakapumzika, wakaswali adhuhuri, wakala, wakarudi.

Mchana ule, Lokman alitokea bwawani yuko mbele, Firdaus nyuma yake. Alipopinda kushoto mbele ya kibanda, gurudumu la mbele likamponyoka. Pikipiki ikalala, ikaburuzika naye, ikampita Jelani na kwenda kusimama katikati ya njia upande wa kilimani. Lokman alikuwa mzima. Mguu tu umebanwa na pikipiki. Akajiinua kwa viwiko, akageuza kichwa kuelekea kibandani, na kwa sauti ileile ya alipokuwa anaumwa na siafu akaita, "Kaka!"

Jelani akageuka.

Aligeuka na bendera yake, akaielekeza kilimani na kuipeperusha kwa nguvu zake zote, kama alivyofanya miaka yote, na kilimani hakukuwa na mtu. Macho yake yalikuwa kwa mdogo wake. Firdaus, akija kutoka bwawani, aliuona mgongo wa Jelani. Ya njano ilikuwa mbele ya kifua cha Jelani, imejificha, na ukuta wa matairi ulimficha Lokman. Firdaus akaingia kona kwa mwendo wake wote.

Nisiseme zaidi. Lokman alifia pale pale, kichwa chake kwenye mapaja ya kaka yake. Firdaus alivunjika mtulinga. Selvam aliyekuja mbio kutoka kona yake anasema alimkuta Jelani bado kaishika bendera, na ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja.

Jelani hakujificha nyuma ya mtu. Polisi walipouliza, Firdaus akasema hakuona bendera, na Jelani akasema, "Hakuiona kwa sababu sikumwonyesha. Niligeukia siko." Alimwambia mama yake vivyo hivyo, amepiga magoti sakafuni mbele ya maiti iliyofunikwa. Mak Leha alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, hakumpiga kofi, na laiti angempiga. Alinyanyuka, akaenda jikoni kuchemsha maji ya kuoshea.

Jambo moja tu Jelani hakumwambia mtu. Hakusema kwamba aliitwa. Kila alipotaka kulisema, aliona ni kama anamsukumia marehemu lawama. Akalimeza.

Siku ya hitma, Firdaus alikuja, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Aliacha viatu nje, akasimama mlangoni, hathubutu kuvuka kizingiti. Mak Leha alimwendea, akamshika ule mkono mzima, akamwingiza ndani na kumkalisha mkekani.

"Mama, nisamehe," kijana akasema, machozi yanamdondoka kwenye shati. "Mama, mimi ndiye..."

"Nyamaza. Wewe hukuniahidi kitu, mwanangu. Kula."

Jelani alikuwa upande wa pili wa pazia, amebeba sinia la wali. Aliyasikia maneno yale yote. Aliweka sinia chini, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kukaa kwenye kisiki mpaka wageni wakatawanyika. Hakuna kisu kingemchoma kama lile neno moja.

Na kuanzia siku ile Mak Leha hakusema naye. Msidhani alimfukuza. Alimpikia, alimfulia, alimwekea maji ya kuoga akitoka shambani. Ila maneno hakumpa. Akiwa na la kumwambia, alimwambia paka wao, Tompok. "Tompok, wali uko jikoni, umefunikwa." "Tompok, bati la chooni linavuja, mtu akipata nafasi." Jelani anakula, anaziba bati. Paka wa watu akawa anapokea habari za nyumba nzima. Ukiisikia kwa jirani unaweza kucheka, na wapo waliocheka. Mimi niliwahi kuingia pale kuazima chujio la nazi nikawakuta, mama, mwana na paka, na nilitoka nikiwa nimesahau chujio lenyewe.

Bendera aliiacha. Siku za mapumziko akawa analala, au anajifanya amelala, na ngurumo za pikipiki zikivuma kutoka ng'ambo ya michikichi anavuta shuka mpaka utosini. Firdaus naye hakugusa pikipiki. Lakini alikuja kumwona Mak Leha kila alipopata nafasi, akamletea machungwa, akamsomea barua za ofisi ya ardhi, akakaa barazani akiongea naye. Jelani akisikia sauti ya mama yake ikicheka kule nje, alisogea karibu na ukuta, akaegemeza kichwa, akasikiliza. Hicho ndicho alichokuwa anakitaka duniani. Hakutaka kusamehewa hata, alijiona hastahili. Alitaka mama yake amwite jina lake, hata kwa kumtukana.

Mwaka ukapita. Jioni moja Bwana Seng akaja akiburuta mguu, akakaribishwa chai ya maziwa barazani. Alizunguka zunguka kwa maneno ya mvua na bei ya mbolea, mwisho akatua.

"Jelani, wanataka tena siku ya kinyume. Nimekataa mara nyingi, sasa naona aibu kukataa. Kona ya Bwawa sina wa kumweka."

"Mweke Selvam."

"Selvam hajui kona ile. Anayeijua ni wewe."

"Bwana Seng, nihurumie," Jelani akasema. "Miguu yangu mimi mwenyewe siiamini. Bora nianguke kutoka juu ya mchikichi kuliko kusimama pale."

Bwana Seng akaitazama chai yake. "Nimekuelewa. Nilikuja tu kwa sababu Mwalimu Firdaus kaniomba nafasi. Anasema anataka apite pale mara moja, kwa upande ule ule, la sivyo hatalala usingizi maisha yake yote. Nimemwambia asubiri niulize."

Jikoni kijiko kikaanguka. Mak Leha akatoka, akasimama kwenye mlango, mkono umeshika fremu.

"Firdaus anaendesha siku hiyo?" akamuuliza Bwana Seng.

"Ndiyo, dada. Nikipata mtu wa bendera."

Paka alikuwa miguuni pa Mak Leha, anajisugua. Hakumtazama paka. Alimtazama mwanawe usoni.

"Jelani," akasema. "Utakwenda."

Akarudi jikoni. Jelani alibaki ameinama, mikono miwili imefunika uso, na Bwana Seng, mtu mwenye adabu zake, akainuka na kwenda zake bila kumaliza chai.

Siku ilipofika, Jelani alitoka ndani alfajiri akamkuta mama yake ameshajifunga mtandio, kigoda cha jikoni kwapani, mwavuli mkononi. Uwanjani kwenyewe, kule ndani kwenye kona, Mak Leha hakuwahi kukanyaga tangu umejengwa. Walikwenda kwa miguu kupitia michikichi, mama mbele, mwana nyuma. Jelani alijua sababu, au alidhani anaijua. Anakuja kunilinda nisiue na huyu, akawaza, na haki yake.

Kibandani Selvam alikuwa anawasubiri. Safari hii hakutania. Alimpa Mak Leha mkono kwa adabu, akampa Jelani bendera, akaenda kwenye kona yake.

Mak Leha alisimama akiitazama ile lami. Aliitazama muda mrefu pale upande wa kilimani, mahali ambapo hakuna mtu aliyemwonyesha na hakuhitaji kuonyeshwa. Halafu akageuka.

"Leo zinatoka wapi?" akauliza.

Jelani akanyoosha kidole. "Kule. Bwawani."

Mak Leha akachukua kigoda chake, akaenda kuelekea bwawani nyuma ya uzio wa waya, mpaka mahali ambapo mtu wa kibandani akitazama njia ya kutoka bwawani lazima amwone na yeye. Akakiweka kigoda, akakijaribu kama kimekaa sawa, akaketi na kufungua mwavuli.

"Mimi nitakuwa hapa," akasema kwa sauti ya kupita ngurumo za kule mbali. "Wewe nitazame mimi. Umesikia? Hata kukitokea nini huko nyuma yako. Nitazame mimi."

Alikaa pale asubuhi nzima, jua likipanda, hakwenda hata kunywa maji. Pikipiki zilitokea bwawani moja moja na makundi makundi, zikampita Jelani, zikapanda kilima. Firdaus alipita mara ya kwanza polepole mno, kichwa kimeinama. Mara ya pili akanyoosha mgongo kidogo. Kila pikipiki ilipompita, Jelani aliurudisha uso kwenye mwavuli mweusi na yule mwanamke mfupi chini yake.

Karibu na adhuhuri daktari wa meno, mtu asiyechoka kuanguka, akaanguka tena. Aliteleza mbele ya kibanda, akapita, akaenda kulala upande wa kilimani, palepale. Jelani alikisikia chuma kikikwaruza lami nyuma yake. Kisha akasikia mtu anapiga yowe, "Wee! Nisaidieni!"

Shingo ilimvuta. Bega lilimvuta. Mwili mzima ulitaka kugeuka, na mguu mmoja ulishaanza. Kule kwenye uzio mwavuli ukaanguka chini. Mak Leha alikuwa amesimama juu ya kigoda, mkono mmoja umeshika waya, mwingine unajipiga kifuani.

"Jelani! Hapa! Nitazame mimi! Nitazame!"

Akamtazama. Aliinua ya njano juu kabisa kuelekea kwa mama yake, akaipeperusha machozi yakimziba macho, na katikati ya machozi akaona pikipiki inatokea kando ya bwawa. Alikuwa Firdaus. Firdaus akaiona ya njano, akainua mkono, akapunguza, akapunguza tena, akapita mbele ya kibanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani. Wa nyuma yake wakafuata hivyo hivyo. Nyuma ya mgongo wake Jelani alimsikia daktari akiinuka, akiilaani pikipiki yake na waliomtengenezea.

Mak Leha aliteremka kutoka juu ya kigoda. Aliokota mwavuli, akaketi, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, na mabega yake yakawa yanatikisika. Jelani hakuruhusiwa kuondoka pale kabla ya kipindi kwisha, kwa hiyo alisimama na kumtazama akilia, kwa mbali, bendera mkononi.

Jioni walirudi kwa njia ileile ya michikichi. Firdaus alitaka kuwapeleka kwa gari, Mak Leha akakataa, akasema anataka kutembea. Walipofika katikati, mahali ambapo ngurumo hazisikiki tena, akasimama bila kugeuka.

"Siku ile," akasema, "alikuita?"

Mwaka mzima Jelani alikuwa amelibana neno lile.

"Aliniita, Mama."

"Alisemaje?"

"Kaka. Basi. Hakusema lingine."

Mak Leha akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua zamani. Matone ya mvua yalianza kugonga majani ya michikichi huko juu, na hakufungua mwavuli.

"Mimi pia ningegeuka," akasema.

Jelani alikaa chini palepale njiani, kwenye majani makavu, akalia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake. Mama yake alisimama kando akisubiri, hakumwambia anyamaze. Alipoona ametulia kidogo, akamnyooshea kigoda.

"Haya, inuka unibebee hiki. Mkono unaniuma."